UZI: Anjiojenini, protini inayootesha mishipa ya damu, na mikono ya babangu fundi wa majahazi

MwanaMatondoni (Malindi)

Asalaam aleikum jamaa zangu. Wengi mliniandikia pembeni niliposema babangu amegunduliwa ALS, maradhi ya neva, mkaniuliza ni ugonjwa gani na unaletwa na nini. Nimekaa na jibu muda mrefu kwa sababu sikutaka kuandika nusu. Leo nina mapumziko, watoto wamelala, naandika.

Kazi yangu ni ya maabara hapa Malindi. Kutwa nzima ni damu, mikojo na makohozi. Protini ninayotaka kuieleza siipimi kazini, na sijawahi kuona daktari akiiomba kwenye fomu. Niliikuta nikisoma habari za ugonjwa wa baba, na tangu hapo haijanitoka kichwani.

Kwanza baba mwenyewe. Ni fundi wa majahazi, Matondoni kule Lamu, kazi aliyoirithi kwa babake. Siku moja alikuwa akitoboa mbao kwa keke, upinde ukamponyoka. Hakumwambia mtu. Baadaye ikawa tezo. Alipokuja kwangu Idi nilimwona akifunga vifungo vya kanzu kwa mkono wa kushoto, polepole, amegeukia ukutani ili tusimtazame. Nikamshika mkono wa kulia. Ile nyama iliyo baina ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imeliwa, pamebaki shimo. Na juu ya mkono, chini ya ngozi, misuli ilikuwa inachezacheza yenyewe, kama dagaa wanavyotikisa maji wakipita karibu na uso wa bahari. Maumivu hana. Ganzi hana.

Mahali pa kwanza alikopelekwa waliambiwa ni uti wa mgongo, akameza dawa za maumivu miezi mitano. Pa pili wakasema kiharusi. Mtaani nako wakasema ametupiwa kitu na mtu aliyegombana naye bei ya chombo, na mamangu akaishi na lile neno bila kulala. Ulikaribia kutimia mwaka ndipo daktari wa neva kule Mombasa akampima umeme wa misuli na kutuambia ukweli, ni ALS: seli za neva zinazoendesha misuli zinakufa, moja baada ya moja.

Sasa protini. Inaitwa anjiojenini. Jina lake lina maana ya kitu kinachozaa mishipa ya damu, na kweli ndivyo ilivyojulikana kwanza.

Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua zaidi ya punje ndogo mpaka ujioteshee mishipa yake ya damu, kwa hiyo lazima uvimbe wenyewe unatoa kitu cha kuiita mishipa ije. Wengi hawakumwamini. Timu ya Bert Vallee, Chuo Kikuu cha Harvard, ikaanza kukitafuta hicho kitu kwenye majimaji yanayotolewa na seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuzwa maabara. Mwaka 1985 wakakitangaza.

Walichopimia ni mayai ya kuku. Aliyefuga kuku anajua: ukilimulika yai la siku kadhaa kwa kurunzi gizani, unaona nyuzi nyekundu zimetambaa kama mizizi, na katikati yake kidoa kinadunda. Wao walitoboa ganda, wakaweka tone la kile walichokichuja juu ya ule utando wenye nyuzi, wakasubiri waone kama nyuzi zitageuka na kulikimbilia tone. Zilikimbilia. Na kiasi kilichotosha hakikufika hata nanogramu moja. Nanogramu ni gramu moja ukaigawa mara bilioni.

Nitaendelea, naomba mnipe dakika nivute chai.

BabuWaKusi (Lamu, Langoni)

Aleikum salaam binti yangu. Pole sana. Babako namfahamu kwa kazi yake, kuna chombo alikiunda nimekipanda mimi mpaka Kiwayu. Allah amjaalie shifaa. Endelea, tunasoma.

MwanaMatondoni

Shukran sana mzee wangu, shikamoo.

Walipoisoma ile protini, herufi kwa herufi, wakakuta ina asidi amino 123 tu, yaani vile vipande vidogo vinavyounganishwa kuwa protini. Ndogo. Kilichowashangaza ni ukoo wake. Inafanana, kwa kiasi cha thuluthi moja hivi, na kimeng'enya cha kongosho la ng'ombe kinachokata RNA. RNA ni ile nakala ya maagizo ambayo seli inaitumia kutengeneza vitu vyake. Yaani mwotesha mishipa ametoka kwenye ukoo wa wakataji!

Lakini mkataji huyu ni butu. Ukimlinganisha na yule wa kongosho, nguvu yake ya kukata ni ndogo zaidi mara laki kadhaa, hata mara milioni. Mwaka 1994 umbo lake lilipochorwa kwa mionzi ya eksirei ikaonekana sababu: asidi amino moja, ya 117, imekaa mlangoni, pale pale RNA inapotakiwa kuingia ikatwe.

Mtu angesema basi ule ukataji ni mabaki tu ya ukoo, hauna kazi. Watafiti nao walijiuliza hivyo. Wakabadilisha asidi amino moja moja ili wauondoe kabisa. Ulipoondoka, mishipa haikuota tena. Kwa hiyo ule ubutu ndio unaofanya kazi. Mimi nimeuelewa kwa kuangalia tezo. Wanaanza kuchonga kwa shoka, mapande yanaruka. Ubao ukikaribia kukaa mahali pake baba huchukua tezo ndogo na kutoa ganda jembamba kama karatasi, anapima, anatoa tena. Angetumia shoka pale, ubao umekwisha. Mkataji mkali akiingia ndani ya seli huiua. Huyu anaingia, anagusa kidogo tu alipochagua, na seli inabaki hai.

Ikifika kwenye seli za ukuta wa mshipa, anjiojenini huingia hadi ndani ya kiini, pale zinapoundwa ribosomu, ambazo ndizo karakana za protini. Hapo huongeza kasi ya kuziunda. Seli inayotaka kugawanyika inahitaji karakana nyingi, na ndiyo maana mshipa unakua. Hata VEGF, ambayo ndiyo mwotesha mishipa anayejulikana zaidi, ilionekana haifanyi kazi yake sawasawa kwenye seli hizo ikiwa anjiojenini imezuiwa.

Ummu_Salha (Malindi, Barani)

Dada pole na mzee. Samahani nakukatiza. Mamangu ana sukari na anadungwa sindano ndani ya jicho. Daktari alitaja mishipa inayoota. Ni hii unayoisema?

MwanaMatondoni

Hujakatiza, dada. Ya mama ni ile VEGF niliyoitaja sasa hivi, ni nyingine ila kazi zinakaribiana. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu vijishipa vidogo nyuma ya jicho. Pale panakosa hewa, panalia, na kilio chenyewe ni VEGF. Mishipa mipya inaota lakini ni dhaifu, inavuja maji na damu. Sindano inaishika VEGF isifike. Dawa moja ya namna hiyo, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, halafu madaktari wa macho wakaitumia kwa dozi ndogo sana.

Nakuomba sana asiruke tarehe hata akijiona anaona vizuri. Mishipa inarudi kimya kimya. Na apime sukari.

Ummu_Salha

Alikuwa anataka kuacha baada ya ile ya tatu. Nitamsomea hii usiku huu.

BabuWaKusi

Mimi bado swali langu moja. Kitu kimetoka kwenye saratani, kinaotesha mishipa ya damu. Kimeingiaje kwenye neva za babako?

MwanaMatondoni

Hapo ndipo na mimi nilipokwama, mzee, usiku mzima.

Mwaka 2006 watafiti, wengi wao kutoka Ayalandi, waliwapima wagonjwa wa ALS, na baadhi yao wakawakuta na kasoro kwenye jeni ya anjiojenini, iliyopo kwenye kromosomu ya 14. Wachache sana kati ya wagonjwa wote, lakini kasoro zenyewe zilikuwa na maana. Nyingi zinaua ule ukataji mdogo, au zinaizuia protini isiingie kwenye kiini. Moja imeangukia asidi amino ya 40, ambayo ni sehemu ya kisu chenyewe. Baadaye kasoro za jeni hiyo zikapatikana hata kwa baadhi ya wenye ugonjwa wa Parkinson.

Yaani kwenye saratani tatizo ni kuzidi, na kwenye neva tatizo ni kupungua. Nilipoliona hilo niliweka simu chini nikatoka nje.

Neva za mwendo zenyewe hutoa anjiojenini. Nyingine huchukuliwa na seli jirani zinazozilea neva. Na seli yoyote ikipata shida, joto, sumu, njaa ya hewa, anjiojenini hubadilisha kazi. Haiendi kwenye kiini kuhimiza karakana. Inabaki nje yake na kuzikata vipande viwili zile RNA ndogo zinazobeba asidi amino. Hilo lilielezwa mwaka 2009. Vile vipande vinapunguza kasi ya utengenezaji wa protini, seli inatulia, inabana matumizi mpaka shida ipite. Nahodha akiona kusi imechafuka hupunguza tanga. Neva inayoendesha mkono inaanzia kwenye uti wa mgongo shingoni na mkia wake unafika hadi kidoleni, seli moja! Ni rahisi kuona kwa nini inahitaji mtu wa kuipunguzia tanga.

Mwaka 2008 panya waliotengenezwa wawe na ugonjwa wa namna ya ALS walipewa anjiojenini, wakaishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Nilifurahi mpaka nikalia. Lakini hao ni panya. Hakuna dawa ya anjiojenini iliyoidhinishwa kwa binadamu mwenye ALS. Naandika hivi wazi kwa sababu najua yupo atakayesoma uzi huu akiwa na mgonjwa ndani.

Nahodha_Shela

Dada mimi nina la kusaidia. Kuna jamaa hapa Malindi anauza vidonge vya gegedu la papa, anasema vinatengeneza mishipa ya damu na saratani haimpati papa. Watu wa ng'ambo wanatumia. Kama mzee shida yake ni mishipa, si ajaribu? Papa sisi tunamla tangu zamani.

MwanaMatondoni

Kaka, najua umesema kwa mapenzi, na nakujibu kwa mapenzi. Usimnunulie mtu.

Gegedu halina mishipa ya damu, hilo ni kweli, na watafiti walitoa humo vitu vinavyozuia mishipa isiote. Toka hapo likatengenezwa soko. Ile habari kwamba papa hapati saratani si kweli, uvimbe wa saratani umeonekana kwa papa mara nyingi na umeandikwa. Dawa iliyochujwa kutoka gegedu la papa ilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu, pamoja na matibabu yao ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2010. Waliopewa hawakuishi zaidi ya wasiopewa.

Na tazama jambo lingine. Muuzaji anakwambia linatengeneza mishipa. Waliolianzisha walilisifu kwa *kuzuia* mishipa. Hata kama lingefanya kazi waliyolisifia, mgonjwa kama babangu, ambaye neva zake zinahitaji ulinzi huu uongezeke, ungempa nini? Papa mkavu wa kupaka na wali namla mimi, na baba alimla sana. Hicho ni chakula.

Nahodha_Shela

Nimekuelewa. Sikujua hilo la kuzuia. Nilikuwa nimeshaagiza chupa mbili kwa ajili ya shemeji yangu, nitarudisha.

MwalimuGede

Uzi mzuri mno huu, nitautumia kwa wanafunzi wangu wa kidato cha nne kwa ruhusa yako. Nilisoma mahali kwamba protini hii imo kwenye maziwa ya ng'ombe. Kwani mzee akinywa maziwa kwa wingi haipati?

MwanaMatondoni

Tumia, mwalimu, ruhusa unayo. Ni kweli imo kwenye maziwa ya ng'ombe. Imo pia kwenye damu yetu sote, wewe na mimi, muda huu. Lakini protini ukiimeza tumbo linaikatakata kama linavyoikata nyama, haifiki kwenye uti wa mgongo ikiwa nzima. Mtu akiwauzia maziwa kwa jina la anjiojenini, mwacheni.

Maziwa baba anapewa kwa sababu nyingine: uzito. Mgonjwa wa ALS anayekonda haraka huzidiwa haraka. Tunampa uji wa mtama wenye maziwa na siagi, mzito, kwa sababu maji matupu yanampalia. Hilo hatukuambiwa na mtu mapema, tulijifunza siku alipopaliwa kwa kikombe cha chai mpaka midomo ikabadilika rangi. Mwenye mgonjwa aliyeanza kukohoa akinywa, asingoje. Amkalishe wima, kidevu akishushe kifuani, ampe kwa kijiko, na amwone mtaalamu wa kumeza.

MwalimuGede

Na kwa upande wa saratani, wamejaribu kuizuia?

MwanaMatondoni

Kwenye maabara, ndiyo. Neomaisini, ile ile antibiotiki tunayoijua kwenye mafuta ya vidonda, iligunduliwa kuwa inazuia anjiojenini isiingie kwenye kiini. Bila kuingia, haioteshi. Shida yake ni kwamba ikipelekwa mwilini inaharibu figo na masikio, kwa hiyo wakahamia kwa ndugu yake mpole, neamini, na wakaona inapunguza uvimbe wa tezi dume kwa panya.

Lakini kilichonigusa zaidi, mwalimu, ni utafiti wa 2016 kwenye uboho, pale damu inapozaliwa. Kule kuna seli mama, ambazo zinatakiwa zitulie ili zidumu umri mzima, na kuna watoto wao, ambao wanatakiwa waharakishe kuzaa damu. Anjiojenini ile ile ikiingia kwa seli mama inakata zile RNA bebaji na kuzituliza. Ikiingia kwa watoto inahimiza ribosomu na kuwaharakisha. Chumba kimoja, protini moja, amri mbili. Panya waliopigwa mionzi ya kuua wakapewa anjiojenini walipona wengi zaidi, hata walipopewa saa 24 baadaye.

Kwa hiyo kila nikisikia mtu anasema protini fulani "mbaya" au "nzuri", niiongeze au niipunguze, namuuliza: kwenye seli gani? Kwa babangu ningetaka iongezeke. Kwa shangazi yangu aliyekufa na saratani ya matiti nisingethubutu. Na wote wawili ni damu moja, wamezaliwa nyumba moja. Anayetaka kuitumia kama dawa lazima ajue kuipeleka mahali na kuiacha isifike pengine, na hiyo ndiyo kazi iliyobaki.

BintiFaza

Pole dada. Samahani kwa swali hili, ukitaka usijibu. Nyinyi watoto mmepima hiyo jeni?

MwanaMatondoni

Nitajibu, maana wengi mnaliwaza.

Sijapima. Kwa wagonjwa wengi ALS haina historia kwenye ukoo, kama kumi kwa mia tu ndiyo ya kurithi. Kwetu tumehesabu juu mpaka kwa mababu, hakuna aliyekufa hivi. Baba mwenyewe hajapimwa jeni, kwa hiyo siwezi kusema kwamba anjiojenini yake ina kasoro, na nisieleweke hivyo. Niliifuata protini hii kwa sababu ilinifundisha neva inaishije. Kwa wenye kasoro ya jeni nyingine, SOD1, kupima kuna faida kubwa sasa, kwa sababu Marekani iliidhinisha dawa yao, tofersen, mwaka 2023. Wengine tunayo riluzole, tangu 1995, inayoongeza miezi michache. Baba anaitumia pale tunapoipata.

Ndugu yangu mdogo anataka kupima. Nimemwambia akae kwanza na daktari atakayemweleza atafanya nini na majibu, yawe haya au yale.

BabuWaKusi

Na mzee sasa yu vipi?

MwanaMatondoni

Nilikwenda wiki iliyopita. Mikono yote miwili imelala sasa. Sauti imekuwa nzito, inabidi umsogelee. Asubuhi wanamtoa kwa kiti mpaka chini ya mkungu, karibu na chombo ambacho mjukuu wake anakitia kalafati. Kijana anashindilia pamba kwenye maungio kwa nyundo ya mbao, na baba amefumba macho, nikadhani amesinzia.

Nyundo ikapiga mahali sauti ikatoka nene kidogo. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Baba akafungua macho akasema, "Hapo, rudi." Kijana akaichomoa ile pamba yote, karibu urefu wa mkono, akaanza upya.

BabuWaKusi

Jumamosi navuka kwenda Matondoni. Mwambie mamako nitakaa naye mpaka alasiri, yeye apumzike.